Maikrolita Tano za Damu

Waandaaji waliniomba nizungumzie leza ya mashine ya kuhesabu seli za damu. Leza tutafika. Kwanza pipeti, kifaa cha kuvuta na kutoa kimiminika kwa kipimo, na tayari nasikia wanaoguna: ameanza tena. Naam, nimeanza tena.

Tyubu ya kuhesabia seli za CD4, seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, huja na shanga ndogo ndani, na kiwanda kimeandika kwenye pakiti ziko ngapi. Mashine haioni umeweka damu kiasi gani. Inahesabu seli, inahesabu shanga, inagawanya, halafu inakuamini tu kwamba damu ni maikrolita 50. Weka 55: mgonjwa mwenye seli 190 anasomeka 209. Angekuwa chini ya 200 angepimwa kriptokoka, fangasi hatari. Kwa 209 anaweza kurudi nyumbani na fangasi wake. Na hizo tano zilitoka wapi? Zilining'inia nje ya ncha, hukuifuta.

Kwa hiyo geuza tyubu ya damu, ile yenye kifuniko cha zambarau, juu chini mara 10, taratibu. Si chupa ya sharubati hiyo. Kingamwili zenye rangi, zinazoshika seli, maikrolita 20, zimeshatangulia kwenye tyubu ya shanga. Bonyeza pipeti mpaka kituo cha pili, vuta damu, futa ncha kwa nje bila kugusa tundu, maana karatasi inanyonya. Kisha toa mpaka kituo cha kwanza tu. Kinachobaki kitupe, hata roho ikikuuma. Ukikilazimisha kitoke unapuliza mapovu. Shanga usiziguse. Damu ikirukia juu ukutani, kingamwili haziifikii na seli zake hazivai rangi. Dakika 15 gizani, maikrolita 450 za dawa ya kupasua seli nyekundu, dakika 15 nyingine gizani, soma.

Atasema mtu: mashine za siku hizi zinavuta damu zenyewe. Baadhi, ndiyo. Je, zinajua damu ililala kwenye friji? Kingamwili ndizo za friji, nyuzi 2 hadi 8. Damu ya CD4 hukaa mezani, joto la chumba. Watu wanakosea hapo kila siku, kisha wanamlaumu fundi. Na damu ikiwa na donge, seli zimenaswa humo. Namba inashuka na mashine inakaa kimya.

Leza, haya: ya bluu, nanomita 488, seli zinapita mbele yake mojamoja. Alama ya CD4 peke yake haitoshi, kwa sababu monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zinayo kidogo. Ndiyo maana tunadai CD3 pia, alama ambayo monosaiti hazina.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mada ya mwisho, kusoma RNA (nakala za maagizo ya jeni) ya seli mojamoja, kila moja ndani ya tone lake, basi, kwa kifupi: seli zilizopasuka humwaga RNA kwenye kimiminika na kila tone huinywa. Seli mbili zikiingia tone moja, kompyuta itakupongeza kwa kugundua aina mpya ya seli. Slaidi zake naziruka.

Pipeti yako ipime kwa maji kwenye mizani: maikrolita 50 ni miligramu 50 hivi, rudia mara 10. Nani anakumbuka yake ilikaguliwa lini? Nyosheni mikono.

Mitatu. Haya, maswali.