Usikaze Nati Gari Likiwa Hewani

Marahaba, marahaba. Kaeni, vijana. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakalosema, na wananitazama kama mtoto aliyechungulia sufuria akaona ni maharage tena. Ni maharage tena.

Mbele yenu ni Datsun 240Z. Sina haja ya kuwaeleza habari zake. Lilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1971, likashinda tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, basi kila aliye nalo leo anapita kwenye kona kana kwamba kuna watu wanampigia makofi. Lakini bushi, kile kipande cha mpira kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu, haisikii makofi. Miaka hamsini imepita, mpira umekauka, umepasuka, na stelingi inajichagulia njia yake.

Kuzitoa bushi mnajua, sitapoteza muda hapo. Mimi nataka kusema juu ya kukaza.

Zamani, nilipokuwa nimejifunza nusu na kujiona nimemaliza, nililifanyia gari kama hili bushi zote, mbele na nyuma, mpira mpya kabisa. Lilikuwa juu ya stendi nne, magurudumu yananing'inia kama kuku wa kupeleka sokoni. Nikakaza kila bolti mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Nikashusha, nikalipwa, nikanunua viatu. Mwenye gari akarudi kabla viatu havijalika kisigino. Gari limekaa juu kuliko lilivyoletwa, linadunda, na bushi za mikono ya chini zimechanika. Nikalaumu mpira. Nikaenda kwa mzee aliyeniuzia, nikamgombeza mbele ya wateja wake. Akanisikiliza mpaka pumzi zikaniisha, kisha akauliza, "Ulikaza gari likiwa wapi?"

Nikamjibu, "Gereji."

Chekeni. Yeye hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Haya, kila mmoja ashike kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Bana sana, ngozi isiteleze. Zungusha wa kulia kidogo huku, kidogo kule. Ngozi inavutika, inarudi. Hiyo ndiyo bushi ya mpira. Tyubu ya ndani imebanwa na bolti, haiendi popote. Ya nje imekaa ndani ya mkono wa gari, inapanda na kushuka nao. Katikati mpira umeshikamana na zote mbili, kwa hiyo hapana kinachoteleza. Mpira wenyewe ndio unaojinyonga na kujinyongoa. Sasa achia. Zungusha mkono wa kulia kwanza mpaka mwisho, ndipo uubane, halafu uurudishe ulikotoka na kuupitisha upande wa pili. Inauma, sivyo? Ukikaza gari likiwa hewani, siku linapogusa chini mpira umeshanyongwa hata kabla ya shimo la kwanza barabarani.

Basi ingiza bolti, nati uipeleke kwa vidole tu. Rudisha magurudumu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, lidundishe mpaka likae linavyotaka lenyewe. Ndipo ukaze, kwa spana yenye kipimo.

"Mzee, likiwa chini nitaingilia wapi?" Kila mwaka! Una shimo, ingia shimoni. Huna, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene. Hata mbao huna? Weka jeki chini ya mkono, karibu na gurudumu, inua mpaka gari lianze kuachana na stendi, kaza hapo. Stendi usiiondoe. Sitaki kuja msibani kwa sababu ya bushi.

Namwona kijana pale nyuma anatabasamu, ana zile bushi nyekundu za poliyurethini, plastiki ngumu, mfukoni. Ndiyo, hizo hazijinyongi. Zinazunguka juu ya tyubu ya ndani, hata ukikaza hewani hazichaniki. Lakini zinataka grisi ya silikoni, na ikikauka zitalia kama kitanda cha wageni. Mtetemo uliokuwa unamezwa na mpira utaumeza wewe. Na ile fimbo inayouzuia mkono wa mbele usisogee mbele na nyuma, ukiibana kwa bushi ngumu pande zote mbili, chuma kinakosa nafasi ya kucheza. Fimbo hizo zimewahi kukatika watu wakiwa barabarani. Tabasamu sasa.

Naambiwa dakika tano. Nilikuwa na mambo saba, tumefanya moja.

Pini ndefu ya nyuma, ile inayopita chini ya shokapu: toa kwanza kipini kidogo kinachoifunga katikati, kitoke chote. Loweka mafuta ya kutu siku kadhaa. Usigonge nyundo kwenye nyuzi zake za kukazia nati, ncha itavimba kama uyoga na haitapita tena. Tumia presi. Ikikataa, kata kwa msumeno, nunua nyingine, usiifanye vita ya heshima. Bushi mpya ingiza kwa maji ya sabuni. Grisi ya kawaida inaula mpira. Nati zenye nailoni usizirudie. Alaimenti, kunyoosha magurudumu, mnaijua.

Maswali? Wewe mwenye ovaroli. Umeshakaza? Jana? Likiwa wapi?

Usiniambie gereji.