Kitufe Kikae Mahali Pake: Mhadhara Kuhusu Upau wa Kazi

Mabibi na mabwana, walionisikia nikilisema jambo hili kabla ya leo watanivumilia, kwa kuwa nitalisema tena. Upau wa kazi (taskbar), yaani ule ukanda wa ikoni ulio chini ya skrini ya kompyuta, ni chombo cha mkono kabla ya kuwa pambo la macho, na sharti la kwanza la chombo cha mkono ni kukutwa pale pale kilipoachwa.

Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, kitufe cha Start, kile kinachofungua menyu ya programu, kiliwekwa kwenye pembe ya chini kushoto. Tukiacha Windows 8, ambayo mwaka 2012 ilikiondoa kabisa na ambayo sitaki hata kuizungumzia, huko ndiko kilikokaa mpaka Oktoba 2021, Windows 11 ilipokuja na kuzipanga ikoni zote katikati. Mtaniambia kwamba katikati kunapendeza. Kunapendeza, sikatai, maadamu hujafungua kitu. Fungua programu tatu ambazo hukuzibandika kwenye upau, yaani hukuziweka zikae hapo daima, kisha utazame: kila ikoni mpya inapoingia, safu nzima hujipanga upya ili ibaki katikati, na kitufe cha Start husogea kushoto, zifunge, nacho hurudi kulia. Mkono uliokwisha kuzoea mahali pamoja sasa unalazimika kungoja jicho likitafute kitufe kwanza.

Tena hili si suala la mazoea ya wazee, kama vijana wanavyopenda kudai. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Pembe ya skrini ni shabaha kubwa ajabu, kwa sababu kishale cha kipanya hakiwezi kuivuka. Kisukume kwa haraka upendavyo, hata ukiwa umefumba macho, kitaishia pale pale. Kukitoa kitufe kwenye pembe hiyo ni sawa na kuuziba mlango wa duka unaotazama barabara na kufungua mwingine uchochoroni, kisha kuwaeleza wateja kwamba uchochoroni kuna kivuli.

Dawa yake haihitaji fundi. Bofya sehemu tupu ya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye mipangilio yake, shuka mpaka sehemu ya tabia za upau, na ubadilishe mpangilio kutoka katikati kwenda kushoto. Nawajua watu wenye shahada za juu ambao wamelalamika tangu kompyuta inunuliwe na hawajawahi kubofya hapo.

Atakayesema kwamba yeye hutumia kibodi tu naye hajaokoka, kwani kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na 1 hufungua ikoni ya kwanza iliyobandikwa, 2 ya pili, na kuendelea. Basi naye azipange ikoni zake kwa utaratibu, kisha asizihamishehamishe.

Mengine nitayapitia mbio. Windows 11 ilipotoka, madirisha yote ya programu moja yalirundikwa chini ya ikoni moja isiyo na majina, adhabu kubwa kwa mhasibu aliyefungua majedwali manne kwa wakati mmoja. Hiari ya kuyatenganisha ilirejeshwa mwaka 2023, nayo imo katika ukurasa ule ule niliokwisha kuutaja. Kuhusu kuuhamishia upau ubavuni, jambo ambalo Windows 10 iliruhusu na Windows 11 ilipotoka ikalinyima, hoja ni ya hesabu: kwenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, upau wa pikseli 48 hula zaidi ya asilimia 6 ya kimo, ilhali upana umebaki wa kumwaga. Watumiaji wa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, walio na mandhari ya kazi iitwayo KDE Plasma bado wanauweka upande wowote wautakao. Wala msinishauri niufiche, maana upau uliofichwa huchomoza kila kishale kinapogusa ukingo wa chini na kuyafunika majina ya kurasa za Excel, ambayo hukaa hapo hapo. Juu ya wenye skrini mbili sitasema kitu leo, kwa kuwa mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa.