Siku ya Tatu Mpe Jembe

Asanteni sana. Nilikuja na hotuba yangu imeandikwa, lakini hapo mlangoni kijana mmoja kanishika mkono na kuniuliza: "Nikienda kusoma nje mwaka mmoja, kule nitakuwa mgeni au mwanafunzi?" Hotuba nimeikunja. Nitaanzia kwenye swali lake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitaja methali hii kama kwamba mwenye nyumba amechoka kulisha watu. Mimi siioni hivyo. Anayetaka uondoke hakupi jembe, anakupa masurufu ya njiani. Jembe unapewa na mtu aliyekwisha kukuhesabu.

Nilikwenda nikiwa na miaka 16. Kwenye mlango wa friji ya familia iliyonipokea palikuwa na karatasi imebanwa kwa sumaku, ina majina ya watoto na zamu zao: nani anaosha vyombo, nani anatembeza mbwa, nani anatoa takataka. Jina langu halikuwemo. Nikajiona nimeangukia kwenye neema! Wiki ya kwanza neema, wiki ya nne bado neema. Wiki ya saba, tumemaliza kula, wenzangu wakanyanyuka kila mmoja na sahani yake. Mimi nikabaki mezani na yangu, nawasikia wanacheka jikoni. Hakuna aliyenikosea. Nikaenda chumbani, nikampigia mama simu ya video, nikalia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Na sahani yako, mwanangu, kaiosha nani?"

Nilikasirika siku mbili nzima. Wazazi mlioko hapa, swali kama lile lina faida kuliko kupiga simu kila usiku. Mtoto anayezungumza na nyumbani kwa muda wa saa mbili kila siku hajasafiri. Amehamisha mwili tu.

Hali ile ina jina. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, akasema chanzo chake ni kupotelewa na ishara ndogondogo: lini unampa mtu mkono, unasema nini mnapokutana. Hapo ndipo penyewe. Mambo makubwa unayategemea, umejiandaa nayo. Kinachokuchosha ni kutojua kama "karibu tena" ni mwaliko au ni kwaheri.

Kabla ya Oberg, mwaka 1955, mwanasosholojia Sverre Lysgaard alichapisha utafiti wake juu ya Wanorwe zaidi ya 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa Fulbright, mpango wa Marekani wa kufadhili masomo na utafiti. Waliokaa chini ya miezi 6 walisema walizoea vizuri. Waliokaa zaidi ya miezi 18 pia. Wa katikati ndio waliotaabika, kama mtu aliyeteremka bondeni na hajaanza kupanda. Sasa piga hesabu: mwaka wa shule ni miezi kumi hivi. Yaani wewe unaweza kufungasha mizigo ukiwa bado uko bondeni! Wale walikuwa watu wazima, sawa, na kijana anayekula na familia na kushinda darasani huenda akateremka na kupanda mapema zaidi. Lakini hilo bonde lipo, na ukilifikia usidhani umeharibikiwa wewe peke yako.

Kuhusu taratibu nitapita haraka, maana kila nchi ina zake. Nitoe mfano wa Marekani, ambako wengi huchanganya njia mbili. Ya kwanza ni programu ya kubadilishana wanafunzi, kwa viza ya J-1. Programu inapoanza, mwanafunzi awe ametimiza miaka 15 na asiwe amezidi 18 na nusu. Anakaa muhula mmoja au mwaka mmoja wa masomo, basi. Familia mwenyeji hailipwi, na kila mtu mzima wa nyumba ile huchunguzwa rekodi zake za uhalifu. Njia ya pili ni viza ya F-1, unajilipia mwenyewe. Huko, shule ya sekondari ya umma haikupokei zaidi ya miezi 12, tena kwa gharama kamili bila ruzuku. Anayekuahidi miaka mitatu ya shule ya umma kwa F-1 anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Halafu kuna mratibu, yaani mtu wa programu anayekufuatilia ukiwa kule. Kwenye J-1 lazima awasiliane nawe kila mwezi, nawe unapewa kadi yenye namba za simu za dharura. Kadi hiyo ikae mfukoni. Jembe nimelisifu, lakini kufanyishwa kazi kama mtumishi si jembe, na mtu kukushika usipotaka si utamaduni wa mtu yeyote. Unapiga simu siku hiyohiyo. Kuhamishwa familia si aibu.

Shuleni nako kuna jambo ambalo huambiwi kwenye vipeperushi. Mifumo mingi, darasa linakaa na mwalimu ndiye anayeingia. Kwingine, Marekani mojawapo, kengele ikilia wanafunzi ndio wanaotawanyika, kila kipindi chumba kingine na watu wengine. Maana yake huna jirani wa dawati. Unaweza kumaliza miezi mitatu unasalimiwa na watu mia na huna hata mmoja wa kukaa naye wakati wa chakula. Rafiki hapatikani kwenye korido. Ingia kwaya, ingia timu, hata kama ni ya kubeba mipira, mahali ambapo usipofika kuna mtu atauliza uko wapi.

Na kabla hujapanda ndege, iulize shule yako ya sasa, kwa maandishi, kama mwaka huo utahesabiwa. Mara nyingi shule ya ugenini haikupi cheti cha kumaliza, inakupa alama za masomo uliyosoma. Omba pia maelezo ya kila somo, yenye muhuri. Nimeona vijana wanarudi na picha elfu mbili na hawana karatasi hata moja, wakarudia kidato. Kurudia si mwisho wa dunia, lakini afadhali ulijue mapema kuliko kulikuta.

Nirudi kwenye sahani yangu. Baada ya siku mbili za kununa, nilimwendea mama wa nyumba ile nikamwambia nataka zamu. Alinitazama kidogo, akachukua penseli, akaniandika pale kwenye friji, jina langu limekosewa herufi moja: Alhamisi, takataka. Alhamisi ya kwanza nikaburuta pipa gizani mpaka barabarani, najiona shujaa. Kumbe siku ile lilikuwa linatolewa la karatasi na chupa, mimi nimetoa la jikoni. Asubuhi mdogo wao, wa miaka tisa, akanifokea mbele ya wote: gari limepita, limetuacha, sasa tutakaa na mapipa yamejaa wiki nzima kwa sababu yako!

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kunifokea. Nilienda shule siku hiyo nikipiga mluzi.

Haya, naona mikono. Tuanze na dada pale nyuma.