Kuchagua laptopu ya mtumba kwa mwanafunzi, na kuisafisha ndani bila kuua feni

Habari zenu wadau, karibuni tena mezani. Leo nina ThinkPad T480 ya Lenovo hapa mbele yangu, mashine ya mtumba. Mwenyewe ni binti anaingia mwaka wa kwanza chuo, kaka yake ndiye aliyemnunulia, na kaniletea niikague na kuisafisha kabla hajapanda basi la Dodoma kesho alfajiri. Basi tutaifanya pamoja. Tunaikagua, halafu tunaifungua. Dogo, shusha kamera kidogo, hawaoni kibodi. Hapo hapo.

Tuanze na kuchagua, maana boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likishatoka tu simu yangu haitulii. Na swali ni lile lile kila mwaka: "Fundi, natafuta i7." i7 ni daraja la prosesa za Intel, na prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Sawa, i7 ya lini? Ndugu yangu, toa macho kwenye stika, angalia namba iliyo nyuma yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua mipangilio sehemu ya kuhusu mashine, utaona jina zima la prosesa. Hii yetu inasema i5-8250U. Ile 8 ya mwanzo ndiyo kizazi, kizazi cha nane. Sasa yule mwenye i7 yake anakuja na i7-4600U, anajivuna. Hiyo ni kizazi cha nne, ina kori mbili, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi. Hii i5 ina kori nne. i5 hii inaiacha ile i7 mbali sana. Nimeona wazazi wamelipa pesa nzuri kwa sababu ya ile herufi i na ile namba 7, na inaniuma kila mara, kwa sababu pesa ile mtu kaihangaikia.

Namba ikianza na 10, kama 10210U, hicho ni kizazi cha kumi, siyo cha kwanza. Tusichanganye.

Mbona nashikilia kizazi cha nane? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ina masharti yake, na kwa upande wa Intel orodha yao karibu yote inaanzia kizazi cha nane. Chini ya hapo utapata watu wa kukuwekea kwa ujanja ujanja, itawaka, lakini mwanafunzi hahitaji mashine ya kubahatisha wiki ya mitihani. Ukiwa na ya zamani tayari usiitupe, weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, mimi mwenyewe nyumbani natumia hiyo na naipenda sana. Ila kama ndiyo unanunua leo, nunua ya nane kwenda juu.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 8 ndiyo kima cha chini. Unasoma usanifu majengo au uhandisi, utachora, tafuta 16. T480 ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kuanza na 8 ukaongeza baadaye, na hiyo ni sababu mojawapo naipenda mashine hii. Diski iwe SSD, ile isiyozunguka, hata ya GB 256. Ile ya kuzunguka usikubali. Kioo, bawaba, vitufe vyote vya kibodi, kamera, spika: hayo unajua kuyaangalia, sipotezi muda.

Hili lifuatalo ndilo watu hawalijui. Mashine nyingi za mtumba zinazofika Kariakoo zilikuwa mali ya makampuni huko nje. Kampuni ikiuza bila kuondoa kufuli zake, yaani nywila na usajili wake, wewe umenunua mzigo. Kwa hiyo ukiwa bado dukani, pesa bado iko mfukoni, iwashe upya, na kwa ThinkPad bonyeza F1 mara nembo inapotokea, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikikuomba nywila, irudishe mezani. Usikubali maneno ya "hiyo hata usiijali, haisumbui". Siku ukitaka kubadilisha kitu huko ndani, itakusumbua. La pili, kama Windows imewekwa upya, iunganishe na intaneti ya simu yako wakati wa kuianzisha. Ikikuletea jina la kampuni fulani na kuomba barua pepe ya kazini, hiyo bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Iache. Bila intaneti haitakuonyesha, ndiyo maana nasema tumia bando lako, MB chache hizo zinakuokolea mamilioni ya maumivu.

Sasa betri. Fungua lile dirisha jeusi la amri, tafuta cmd, andika hivi: powercfg, acha nafasi, mkwaju (/), batteryreport, neno moja. Enta. Inakutengenezea ripoti na kukwambia imeihifadhi wapi. Tunaifungua kwa kivinjari...

Ngoja. Ngoja kwanza. Dogo, leta kamera karibu, waone.

T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nje, hii unayoichomoa kwa nyuma. Ripoti inazionyesha zote mbili. Angalieni mstari wa DESIGN CAPACITY, huo ni uwezo ilivyotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, huo ni uwezo wa leo. Ya nje ilianza na mWh elfu 24 hivi, hicho ni kipimo cha umeme inaobeba, leo inabeba elfu 21 na mia 6. Hiyo ni asilimia 90, safi kabisa. Ya ndani ilianza na elfu 24 pia. Leo elfu 13 na mia 2. Asilimia 55. Hii imechoka. Kaka mtu aliambiwa betri mpya, na kweli, moja ni karibu mpya. Nimempigia hapa kabla ya kuendelea, tumekubaliana iende hivyo hivyo kwa sasa, kwa sababu mashine hii huanza kula betri ya nje kwanza, na ile ya ndani kazi yake kubwa ni kuishikilia isizime ukiwa unabadilisha ya nje. Kwa kazi hiyo asilimia 55 inatosha. Lakini ingekuwa mashine ya betri moja, ningemwambia arudi dukani leo leo. Mkiwa dukani, ripoti hii ni dakika moja. Ifanyeni.

Haya, tunafungua. Chomoa chaja. Ingia tena kwa F1, nenda Config, kisha Power, utaona Disable Built-in Battery. Chagua ndiyo. Mashine itajizima yenyewe. Hii inailaza betri ya ndani ili umeme usizunguke wakati mikono yako iko kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Toa betri ya nje. Iache dakika tano ipoe.

Geuza. Skrubu sita, bisibisi ya nyota ndogo. Hazitoki kabisa, zinalegea tu na kubaki kwenye kava, kwa hiyo usizilazimishe. Chukua kadi ya zamani ya benki, ingiza kwenye pembe ya nyuma, pale betri ilipokuwa, tembeza taratibu. Utasikia tak, tak, tak. Kisu hapana. Bisibisi hapana. Hapo kava limetoka.

Sasa tuliza mkono. Sehemu hii ndiyo iliyofanya nitengeneze video hii.

Mnaiona feni? Mnauona waya wake mdogo unaokwenda kwenye madabodi? Mwishoni una kichwa, kidogo kuliko punje ya mchele. Usivute waya. Nasema tena, usivute waya. Miaka ya nyuma aliniletea mashine kijana wa mwaka wa mwisho, kesho yake anatetea utafiti wake. Nilikuwa na haraka, nikashika waya nikavuta. Kichwa hakikutoka peke yake, kilitoka na soketi yake kutoka kwenye madabodi. ThinkPad ikiwaka bila kuisikia feni inakuandikia Fan error na kujizima. Nilikesha nikichomelea soketi ile kwa darubini ya kuazima, mpaka alfajiri. Alitetea, alifaulu, lakini ule usiku sijausahau, na sitaki umpate mtu mwingine.

Kwa hiyo: kibanio chembamba, au kucha zako mbili. Shika kichwa chenyewe, kushoto na kulia. Kitikise kidogo, kushoto, kulia, kama unamng'oa mtoto jino lililolegea. Kinakuja. Taratibu. Taratibu... Kimetoka. Soketi iko salama, angalieni, imekaa pale pale.

Skrubu za kipozeo, hiki chuma kinachoondoa joto la prosesa, hizi nne juu yake, legeza kila moja nusu mzunguko, kisha hamia ya pembe ya pili, upishanishe. Usimalize moja kabla ya nyingine, utaibana prosesa upande mmoja. Za feni legeza kawaida. Inua yote pamoja.

Ooh. Umeme. Umekatika wadau. Dogo, washa taa ya simu, mulika hapa, kamera ina chaji. Tunaendelea. Na niseme hapa hapa: umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani. Usisubiri urudi. Ukirudi huwa unapanda na kushuka dakika za mwanzo, na chaja ndiyo inayopokea kipigo. Subiri utulie, ndiyo uchomeke. Nyumba nzima ifanyeni, friji na televisheni pia.

Mulika hapa kwenye mapezi ya shaba. Karibu zaidi. Mnaona pale feni inapotolea upepo? Hakuna tundu. Pameziba. Ukitazama kutoka nje kwenye matundu ya kava huoni kitu, unasema safi. Nashika kwa kibanio... inatoka kipande kimoja, angalieni, nene kama sponji ya kuoshea vyombo, rangi ya kijivu, na ndani kuna nyuzi za bluu. Hizo ni nyuzi za shuka au blanketi. Mwenye mashine hii huko ilikotoka alikuwa anaitumia kitandani. Kitanda kinaziba pumzi zake chini, feni inavuta nyuzi, nyuzi zinashika vumbi. Na hii inakwenda Dodoma, vumbi lile mnalijua. Mdogo wangu, ukiitazama video hii huko hosteli: meza. Kama hakuna meza, daftari kubwa la kava gumu chini yake. Kitandani hapana.

Feni unaisafisha kwa mswaki laini mkavu. Ukiwa na kipulizio, zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke. Upepo wa kipulizio unaizungusha kasi kuliko uwezo wake na kuharibu mhimili.

Pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kipozeo, imekauka, inabanduka kama chokaa. Futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu, mpaka prosesa ing'ae uone taa ya simu humo. Pesti mpya, tone dogo katikati, ukubwa wa punje ya mchele. Hiyo tu. Usiipake kama siagi kwenye mkate, kipozeo kikibana kitaisambaza chenyewe. Pesti hizi ninazo dukani, ila fundi yeyote wa mtaani kwako anayo, haina haja ya kusafiri.

Rudisha kipozeo, skrubu kwa kupishanisha vile vile. Sasa waya wa feni. Kichwa kinaingia kwa upande mmoja tu, kiweke juu ya soketi, sukuma kwa kucha mpaka kikae. Usisukume kwa ncha ya bisibisi. Halafu, kabla hujagusa kava, angalia tena. Kimekaa? Dogo, mulika. Kimekaa. Mimi naangalia mara mbili kila siku, na nyie angalieni mara mbili.

Kava, tak tak, skrubu sita. Betri ya nje. Unabonyeza kuwasha... Kama haiwaki, usishtuke, usiifungue tena. Tuliilaza betri ya ndani, inaamka ikipata chaja.

Umeme umerudi, sawa, tusubiri kidogo. Haya. Chomeka.

Imewaka. Hakuna Fan error. Ikiingia, fungua programu ya Lenovo Vantage, sehemu ya betri, weka iache kuchaji ikifika asilimia 80. Betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa siku nzima kwenye joto. Siku ya safari unaiondoa unajaza zote. Na kazi zako za chuo, weka nakala kwenye flashi na nyingine mtandaoni, leo leo, kabla hujaandika hata ukurasa wa pili.

Joto sasa. Asubuhi nilipoipokea, bila kufungua chochote, ilikuwa inasoma nyuzi 67 na feni inalia. Sasa hivi imekaa dakika kumi: 46. Dogo, sogeza maiki kwenye feni. Sikilizeni.

Haisikiki. Niipanguse kioo, kaka yake yuko njiani.