Picha ya kesho, picha ya jana

Wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mnaopiga picha hapa Bukavu, asanteni kwa kufika. Leo tuongee juu ya picha za tabianchi: lini kompyuta itumike, na lini isiguse kitu.

Mwezi wa tano 2010 jarida la Science la Marekani lilichapa barua ya wanasayansi 255 wakitetea utafiti wa tabianchi. Barua nzito. Pembeni, wahariri waliweka picha ya dubu mweupe amesimama peke yake juu ya kipande cha barafu. Ilikuwa imeunganishwa kwa kompyuta! Wahariri wakakiri kwamba hawakujua, wakaiondoa. Lakini wapinzani wa utafiti huo walikuwa wamekwisha kupata pa kushika.

Je, tuache kompyuta? Hapana. Mwaka 2021 shirika la Climate Central lilionyesha, kwa picha za kompyuta, miji ya pwani itakavyofikiwa na bahari joto la dunia likipanda nyuzi 1.5, na likipanda nyuzi 3. Maji hayo hayakumwagwa ovyo. Yalifuata vipimo vya mwinuko wa ardhi. Kamera haiwezi kupiga kitu ambacho hakijatokea. Hapo kompyuta ina kazi.

Sisi tusiige bahari yao. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Kwetu hatari inashuka kutoka mlimani. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua ile inapiga miteremko isiyo na miti, nyumba zimebanana, kama kule Kadutu, humu humu mjini. Piga picha mtaa wako, keti na mtu wa jiolojia, mwulize udongo ukikatika utapita wapi. Chora hivyo hivyo. Kisha andika ndani ya picha yenyewe: HII HAIJATOKEA. Maneno yaliyoandikwa chini ya picha hupotea picha ikianza kuzunguka kwenye WhatsApp.

Lakini picha za vijiji vya Bushushu na Nyamukubi msiziguse. Mwezi wa tano 2023 maji na mawe yalishuka kule Kalehe, watu zaidi ya 400 wakafa. Wenye kufiwa huenda wako nasi humu. Ukiongeza hata tope kidogo ili picha itishe, umempa mtu nafasi ya kusema hata makaburi ni ya kutengeneza. Faili ya kwanza ihifadhiwe ilivyo, pamoja na tarehe na mahali.

Tena naomba jambo moja. Mwenye picha ya soko au shule ya vijiji vile kabla ya maji, hata ya harusi, aje tuongee. Tuziweke kando ya zile za baada, bila kugusa kitu.