Zake 124, Zangu 127

BARAKA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo dada Zuhura kaja na kesi.

ZUHURA: Kesi kweli. Jumapili nimekwenda Bagamoyo na kurudi na mwenzangu mmoja, njia moja, hata dafu tumenywa kibanda kimoja. Kufika nyumbani, kompyuta ya baiskeli yake, kile kidude cha usukanini kinachohesabu mwendo na kilomita, inasema kilomita 124. Yangu 127. Sasa hizo tatu nimeziendesha wapi?

BARAKA: Ulichepuka kutafuta chapati.

ZUHURA: Kaka, nakuheshimu. Nikajua tu yake ndiyo mbovu, maana ni kile kidude cha waya, cha bei ya chini kabisa. Yangu haina waya, ina taa, ina mbwembwe zote.

BARAKA: Na kumbe?

ZUHURA: Kumbe yangu ndiyo inayoongopa.

BARAKA: Haiongopi, inahesabu ilichoambiwa. Watu wanadhani kile kidude kinajua mwendo. Wapi! Kwenye spoki ya gurudumu la mbele kuna sumaku, kwenye uma, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, kuna kihisi chenye swichi ndogo inayojifunga kila sumaku inapopita. Ikipita, moja. Ikipita tena, mbili. Ukienda kilomita 25 kwa saa, inapita mara tatu na ushee kila sekunde. Yaliyobaki ni kuzidisha tu: mizunguko mara mzingo wa gurudumu. Na mzingo unakiambia wewe mwenyewe.

ZUHURA: Ndipo penye kosa langu. Sikukiambia kitu. Kilikuwa kimewekwa 2105, yaani milimita, kipimo cha tairi jembamba la 700 kwa 25. Mimi natumia la inchi 26, upana 2. Jedwali kwenye karatasi ya maelekezo linasema 2055. Tofauti ni milimita 50, vidole vitatu hivi. Lakini safari ile ni mizunguko kama elfu sitini!

BARAKA: Vidole vitatu mara elfu sitini, kilomita tatu hizo hapo. Chapati hukula. Ila na jedwali nalo usiliamini sana. Mwenye baiskeli ya Phoenix anasoma inchi 28 kwenye tairi lake, anaona 28 kwenye jedwali, anaweka, anaondoka. Kumbe 28 ya Phoenix imekaa kwenye rimu ya milimita 635, na 28 ya baiskeli nyingi za Ulaya zinazokuja mtumba ni 622. Jina moja, watu wawili. Soma zile namba ndogo ubavuni mwa tairi.

ZUHURA: Au pima. Jana nimepima uani. Nimejaza upepo kama wa safari, nikapiga chaki sakafuni pale valvu ilipokaa chini kabisa. Halafu nikapanda.

BARAKA: Ukapanda juu?

ZUHURA: Ndiyo, mdogo wangu akanishika. Uzito wako unabonyeza tairi, mzingo unapungua kidogo. Ukisukuma baiskeli tupu unapata namba ya baiskeli isiyo na mtu. Tukaenda mizunguko mitatu, mstari mnyoofu, valvu ikarudi chini, chaki tena. Mita 6 na sentimita 17. Gawa kwa tatu, 2057. Mitatu ni bora kuliko mmoja, maana ukikosea kidogo kwenye chaki kosa nalo linagawanywa.

BARAKA: Sasa mtu yuko dukani, anauliza anunue ipi.

ZUHURA: Ya waya. Nasema hivi na isiyo na waya ninayo. Hii yangu ina betri mbili, moja kwenye skrini, moja kwenye kihisi, na kihisi kikikaa mbali na skrini, zaidi ya sentimita 60 au 70, haviongei. Tena taa za bei rahisi za mbele huwa zinaivuruga. Usiku mmoja imeniandikia mwendo wa juu kilomita 87 kwa saa.

BARAKA: Kwenye mteremko gani Dar hii?

ZUHURA: Tambarare kabisa! Ya waya haina mambo hayo. Ubaya wake ni waya wenyewe. Uzungushe kwenye kebo ya breki ya mbele na ulegeze kidogo karibu na usukani, la sivyo siku unakata kona kali unaunyofoa.

BARAKA: Na simu? Wengi wanafunga simu kwenye usukani.

ZUHURA: Simu ya kupigia, usukanini? Jua linaichemsha, skrini huioni, na pale kwenye taa za barabarani kuna kijana anaipenda kuliko wewe. Iache mfukoni ichore ramani.

BARAKA: Mimi kilichonisumbua ni kukifunga kidude chenyewe. Inasoma 18, mara sifuri, mara 18. Nimekwenda kwa fundi, kaitazama, kacheka. Sumaku ilikuwa imeteleza kwenye spoki, inapita pembeni ya ule mstari uliochorwa kwenye kihisi. Nafasi kati yao iwe kama milimita 5, basi. Inua gurudumu, zungusha kwa mkono, ukiona namba zimekaa, kaza skrubu.

ZUHURA: Na wastani je? Kuna watu wanajisifu sana na wastani.

BARAKA: Nyingi zinasimamisha saa gurudumu likisimama. Umeendesha kilomita 60 kwa saa tatu, ukakaa kwenye madafu saa nzima. Yenyewe inakuandikia wastani wa 20. Anayekusubiri nyumbani anakuhesabia 15.

ZUHURA: Mume wangu anahesabia hiyo ya pili.

BARAKA: La mwisho, betri. Nyingi zinatumia CR2032, ile bapa kama sarafu, inakaa mwaka na zaidi. Skrini ikianza kufifia, kabla hujatoa betri andika mahali jumla ya kilomita zako na ile namba ya gurudumu.

ZUHURA: Kwa nini unalisema kwa uchungu hivyo?

BARAKA: Kilomita elfu kumi na moja na mia nne, dada. Nimetoa betri, nimeweka mpya, imeniandikia sifuri.

ZUHURA: Zipo zinazokuruhusu kuingiza jumla upya.

BARAKA: Yangu inaruhusu. Lakini baada ya kumi na moja na mia nne kulikuwa na namba nyingine mbili, na sizikumbuki.