Kukata tawi lililoanguka kwa chenso ya betri, bila kuumia

Karibuni sana. Hapa ni nyuma ya nyumba yetu, Bugembe, nje kidogo ya Jinja. Mvua ya juzi ilikuja na upepo mkali, ikauvunja mparachichi wetu. Tawi lenyewe ni hili, nene kama paja. Upande mmoja limeegemea kisiki, upande wa pili limelala kwenye tuta la migomba. Leo tutalikatakata kwa msumeno wa mnyororo wa betri, mashine ambayo wengi tunaiita chenso.

Kwanza itazameni hii mkononi mwangu. Imetulia. Haingurumi wala haitoi moshi. Chenso ya petroli ikiwashwa utaisikia toka barabarani, na watoto watakaa mbali wenyewe. Hii imenyamaza kabisa, lakini nikibonyeza hapa tu, mnyororo unakimbia mita 10 na zaidi kwa sekunde. Ukimya huo ndio unaoniogopesha kuliko kitu kingine chochote katika mashine hii. Kwa hiyo nyumbani kwangu tunasema hivi: betri ikiwa ndani, chenso iko hai. Unakaza mnyororo, toa betri. Unaondoa vumbi la mbao, toa betri. Unakwenda kunywa maji, toa betri uende nayo mfukoni. Mtaniona nikiitoa mara nyingi leo.

Mavazi. Kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio, glavu zinazokamata vizuri, viatu vigumu vyenye ncha ya chuma. Gambuti za kawaida za shambani hazizuii mnyororo, na malapa msiyafikirie kabisa. Hii suruali ina nyuzi nyingi ndani. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hutoka zikajisokota kwenye mashine na kuikwamisha. Bei yake si ndogo, najua, lakini kama kazi hii utaifanya mara kwa mara, nunua suruali kabla ya kununua betri ya pili. Shuka au leso isining'inie popote.

Sasa mnyororo. Betri iko nje, mnaiona pale juu ya ndoo. Mpwa wangu, sogeza kamera.

"Hapa, mjomba?"

Hapo hapo. Nauvuta mnyororo chini ya upanga, yaani hili bamba refu la chuma ambalo mnyororo unalizunguka, katikati, kwa vidole viwili. Unaachana kidogo na chuma, lakini vile vimeno vya ndani bado vimo ndani ya mfereji. Nikiachia, unarudi wenyewe. Hivyo ndivyo unavyotakiwa. Ukining'inia utachomoka kazini. Ukibana sana hadi mkono ushindwe kuuzungusha, utachoma upanga na kumaliza betri upesi. Mnyororo mpya hurefuka haraka, kwa hiyo upime tena baada ya kukata mara chache.

Oili. Wengi hudhani kwa kuwa hakuna petroli basi na oili haihitajiki. Inahitajika! Jaza oili ya mnyororo kwenye tangi lake, na tafadhali usimimine ile oili chafu iliyotolewa kwenye gari au boda. Ina unga wa chuma unaoua pampu, halafu inadondokea pale pale unapopanda mboga.

Rudisha betri, tujaribu breki. Hii kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto si pambo. Isukume mbele: tak. Bonyeza kifyatuo, mnyororo usitembee hata kidogo. Ukitembea, kazi imeishia hapo, peleka kwa fundi.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Angalieni ncha ya upanga, nusu yake ya juu. Sehemu hiyo ikigusa mti wakati mnyororo unakimbia, msumeno unapiga teke, upanga unaruka juu na kurudi usoni kwako kabla hujapepesa jicho. Mwaka jana nilikuwa nakata tawi la mfenesi, ncha ikagusa kijitawi kilichojificha nyuma ya majani. Nilichokiona ni chuma kinakuja. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kikaisukuma kinga, breki ikafunga, na mnyororo ukasimama karibu na kofia yangu, utomvu wa fenesi ukiwa bado unadondoka. Nilikaa chini muda mrefu siku ile. Tangu hapo nafyeka majani na vijitawi kwa panga kwanza, niione ncha yangu iko wapi.

Shika hivi: kulia nyuma, kushoto mbele, kidole gumba kizunguke mpini wote. Simama kidogo kushoto kwa msumeno, usiwe nyuma yake moja kwa moja. Usikate juu ya mabega, wala usipande nayo ngazi. Watu na mbuzi wakae mbali, hatua 10 au zaidi.

Tawi letu limeshikwa pande zote mbili, katikati linabembea. Uzito unaubana upande wa juu na kuuvuta wa chini. Nikikata toka juu mpaka chini, litaung'ata upanga. Kwa hiyo naanza juu, theluthi moja tu. Natoa. Halafu namalizia toka chini kwenda juu, na hapo nakaza mikono, kwa sababu mnyororo unanisukuma kifuani. Limeachia. Kama tawi lingeshikwa upande mmoja tu na upande mwingine unaning'inia, ningefanya kinyume: chini kwanza, juu baadaye. Ukikwama, usivute kwa nguvu. Zima, toa betri, inua tawi au ingiza kabari ya mti.

Tawi lililogusa waya wa umeme haliguswi, hata na mwenye glavu. Piga simu UEDCL, kampuni ya kusambaza umeme hapa Uganda, maana tangu Aprili 2025 wao ndio waliochukua kazi ya ile kampuni iliyoitwa Umeme. Na usifanye kazi hii peke yako. Mpwa yuko hapa na simu na kitambaa safi cha kukandamiza jeraha.

Mvua ikianza, acha. Betri ikiwa ya moto, ipoe kivulini kwanza, ndipo uichaji, kwa chaja yake, kwenye sakafu ya saruji, mbali na godoro. Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya sola.

Tumemaliza. Betri nje. Nalegeza mnyororo kidogo, maana ukipoa hujikaza. Navisha upanga ala yake. Betri naiweka juu ya kabati, watoto wasipofika.

Mpwa, zima kamera, tubebe kuni.